Taiwan ya enzi za Mjapani: ufuate mgawanyo upi, ken, chō 20, chō 12 au shū?

Chukua jina moja tu: Tainan. Kwenye karatasi ya 1899 ni ken (ken, chō na shū ni majina ya Kijapani ya maeneo ya utawala ya ngazi ya juu), na inashika kusini karibu yote upande wa magharibi wa milima. Kwenye sensa ya 1905 ni chō, imesinyaa ikabaki mji wenyewe na viunga vyake. Kwenye sensa ya 1915 bado inaitwa chō, lakini imenenepa: imemeza Hōzan pamoja na bandari ya Takao (Kaohsiung ya leo). Kwenye postikadi ya 1925 imekuwa shū, Takao imeiachia, na badala yake imechukua Kagi (Chiayi ya leo) na Toroku huko kaskazini. Jina halikubadilika hata herufi. Ardhi ndiyo iliyokuwa ikihamahama chini yake.

Ulinganisho huu ni wa mtu ambaye hana budi kuchagua. Pengine unatafsiri hati ya zamani. Pengine ni mwanafunzi unayejaza jedwali la idadi ya watu, au mkusanyaji wa ramani na mihuri ya posta, au umeanza makala ya ensaiklopidia kwa Kiswahili ukakwama pale pale ninapokwama mimi: hii niiite mkoa, wilaya, au niiache ilivyo? Msimamo wangu nautoa mapema. Ukitaka mgawanyo mmoja wa kueleza miaka yote 50, chukua wa 1920. Ukiwa na karatasi yenye tarehe, fuata mgawanyo wa tarehe ile wala usiihamishie kwingine. Na ukilinganisha takwimu za miaka mbalimbali, usiyategemee majina makubwa hata kidogo.

| Kipindi | Ngazi ya juu | Ngazi za chini | Inafaa kwa |
|---|---|---|---|
| 1895–1901 | ken na chō, idadi ikibadilika kila mara | benmusho, ofisi za wilaya (tangu 1897) | hati za kipindi hicho tu |
| 1901–1909 | chō 20 | shichō, kisha miji na vijiji | ardhi, sensa ya 1905, madaftari ya kaya |
| 1909–1920 | chō 12 | shichō, ku (vikundi vya miji na vijiji) | sensa ya 1915, vita vya milimani |
| 1920–1945 | shū 5 na chō 2, kisha 3 | shi, gun, gai, shō | maelezo ya jumla, uchaguzi, anwani |

Miaka sita ya kubahatisha

Japani ilikabidhiwa Taiwan na visiwa vya Penghu kwa Mkataba wa Shimonoseki, tarehe 17 Aprili 1895. Kukabidhiwa kwa karatasi ni jambo moja, kukishika kisiwa ni jingine. Juni mwaka huo Gavana Mkuu wa kwanza, Kabayama Sukenori, alitangaza ken tatu, yaani Taihoku, Taiwan na Tainan, pamoja na chō moja ya Hōko, ambayo ndiyo Penghu. Wakati huo jeshi lake lilikuwa bado linapigana kuelekea kusini. Ilipofika Agosti ramani ikabidi irekebishwe: Taihoku peke yake ndiyo iliyobaki ken, na kwingine kukawekwa ofisi za muda chini ya utawala wa kijeshi.

Mwaka 1896 zikarudi ken tatu. Mwaka 1897 zikawa ken sita na chō tatu. Mwaka 1898 zikapunguzwa tena hadi ken tatu na chō tatu. Mei 1901 ikaongezwa chō ya Kōshun kwenye ncha ya kusini, na miezi sita baadaye mfumo mzima ukavunjwa. Neno lenyewe, ken, lilikuwa lile lile linalotumika kwa mikoa ya Japani, kama kwamba kisiwa kingeweza kuvikwa nguo ya nyumbani bila kupimwa.

Mgawanyo huu siupendekezi kwa kazi yoyote ya jumla. Ukiandika “Kagi-ken” bila mwaka, msomaji hatajua kwamba ken hiyo iliishi tangu 1897 hadi 1898 tu. Ukilazimika kuutumia, weka mwaka kando ya jina kila mara, hata kama ukurasa utachosha macho.

Chō 20: mgawanyo ulio karibu na udongo

Novemba 1901 ken zilifutwa zote na kisiwa kikakatwa chō 20, kila moja ikiwajibika moja kwa moja kwa serikali ya Gavana Mkuu. Gavana alikuwa Kodama Gentarō, lakini kazi ilikuwa ya mkuu wake wa utawala wa kiraia, Gotō Shinpei, daktari kwa taaluma, na wawili hao walishika kisiwa tangu 1898 hadi 1906. Chō zenyewe ni hizi: Taihoku, Kīrun, Giran, Shinkō, Tōshien (baadaye Tōen), Shinchiku, Byōritsu, Taichū, Shōka, Nantō, Toroku, Kagi, Ensuikō, Tainan, Hōzan, Banshoryō, Akō, Kōshun, Taitō na Hōko.

Majina mengi, naam. Ila kwa mtu anayefuatilia shamba au familia, wingi huo ni neema. Chō moja ilikuwa ndogo kiasi kwamba ukiambiwa “Ensuikō-chō” tayari umeshafika karibu na kijiji. Ukiambiwa “Tainan-shū” ya baadaye bado uko mbali, ni kama kuambiwa mtu anatoka Kanda ya Ziwa. Na kumbukumbu kubwa za mwanzo za utawala ule ni za miaka hii: upimaji wa ardhi ulioanza 1898, sensa ya 1 Oktoba 1905 iliyohesabu watu wapatao milioni 3.04, na madaftari ya kaya yaliyoanza kuandikwa kwa kanuni mpya mwaka 1906.

Chini ya chō kulikuwa na shichō, ofisi za matawi, na mkuu wa tawi alikuwa afisa wa polisi. Mkulima aliyetaka kibali, aliyedaiwa kodi au aliyeitwa kwenda kuchimba barabara alikutana na sura ile ile yenye upanga kiunoni. Chini zaidi ulikuwepo mfumo wa hokō, uliowekwa 1898: kaya kama kumi hufanya kō, na kō kama kumi hufanya hō. Msomaji wa Tanzania ataona nyumba kumi papo hapo, na hesabu inafanana kweli. Tofauti iko kwenye adhabu. Mmoja akikosa, wenzake wa kikundi waliweza kuadhibiwa pamoja naye, na balozi wao alikuwa chini ya polisi. Mfumo huo ulidumu karibu mpaka mwisho, na ndio maana hauonekani kwenye jedwali hapo juu: chō na shū zilipita, hokō ilibaki.

Mfano wa kwa nini tarehe ni muhimu hapa. Tetemeko la 17 Machi 1906, lililoua watu zaidi ya 1,200, liliipiga Kagi. Ukilieleza kwa mgawanyo wa 1920 utaandika Tainan-shū, na msomaji ataenda kutafuta maangamizi katika mji wa Tainan. Kwa mgawanyo wa wakati wake unaandika Kagi-chō, na kidole kinatua panapotakiwa kwenye ramani.

Chō 12: wa katikati, usio na mwenyewe

Oktoba 1909 chō tisa zilifutwa: Kīrun, Shinkō, Byōritsu, Shōka, Toroku, Ensuikō, Hōzan, Banshoryō na Kōshun. Moja mpya ikazaliwa, Karenkō, iliyokatwa kutoka Taitō kwenye pwani ya mashariki. Ishirini toa tisa, ongeza moja, zinapatikana 12.

Reli kuu ya kaskazini hadi kusini, kutoka Kīrun hadi Takao, ilikuwa imekamilika mwaka mmoja kabla, 1908. Afisa aliyekuwa akihitaji siku kadhaa kufika alikwenda sasa kwa saa. Ofisi nyingi ndogo hazikuwa na kazi tena. Hilo linaeleza upande wa magharibi. Upande wa mashariki sababu ilikuwa milima na watu wake. Gavana Mkuu Sakuma Samata alikuwa anajiandaa kwa mpango wa miaka mitano, 1910 hadi 1914, wa kuwatiisha wenyeji wa asili kwa silaha, ukaishia kwenye vita dhidi ya Wataroko. Misitu yao ndimo ilimokuwa miti ya kafuri, na kafuri ilikuwa fedha. Karenkō kuwa chō peke yake kulisogeza ofisi karibu na uwanja wa mapigano.

Mgawanyo huu ndio watu huurukaruka zaidi, nami sioni ajabu. Hauna udogo unaosaidia wa 1901, wala hauna ngazi zilizonyooka za 1920. Lakini kuna kazi mbili ambazo bila huo utapotea. Ya kwanza ni sensa ya 1915. Ya pili ni uasi wa Tapani wa mwaka huo huo, ambao baada yake mahakama maalumu ilihukumu kifo watu zaidi ya 800, ingawa wengi wao adhabu ilipunguzwa. Tapani ilikuwa chini ya Tainan-chō. Mwaka 1920 jina hilo lilifutwa kwenye ramani pakaitwa Tamai, ndani ya gun ya Shinka katika Tainan-shū. Ukitumia ramani ya 1920 kusoma kesi ya 1915, mahali penyewe hutapaona. Pameandikwa kwa jina jingine.

Shū: mgawanyo uliokaa

Tarehe 1 Septemba 1920, chini ya Den Kenjirō, Gavana Mkuu wa kwanza asiye mwanajeshi, magharibi yote ya kisiwa ikawa shū tano: Taihoku, Shinchiku, Taichū, Tainan na Takao. Mashariki ikabaki na chō mbili, Taitō na Karenkō. Chini ya shū kulikuwa na shi, yaani miji mikubwa, na gun, ambazo siku ya kwanza zilikuwa 47. Chini ya gun kulikuwa na gai na shō.

Kwa Kiswahili sioni shida kuita shū mkoa, na gun wilaya. Gai ni mji mdogo. Penye utata ni shō. Kamusi zitakusukuma kwenye “kijiji”, lakini shō moja ilikuwa mkusanyiko wa vijiji kadhaa vyenye ofisi moja, kwa hiyo “kata” inakaa vizuri zaidi. Mimi huandika kata, na mara ya kwanza katika makala naeleza kwa nusu sentensi. Chō naiacha kama ilivyo. Nimejaribu kuitafsiri, na kila neno nililochukua lilivunjika mkononi: chō ya 1901 ni ndogo kuliko wilaya nyingi, chō ya 1930 inalingana na shū kwa cheo, ila haina madaraka yote ya shū.

Faida kubwa ya mgawanyo huu ni uimara wake. Kati ya 1920 na 1945 mipaka ya juu iliguswa mara moja tu ya maana: visiwa vya Hōko, vilivyokuwa vimeshushwa na kuwa gun chini ya Takao, vilirudishiwa hadhi ya chō mwaka 1926. Yeyote aliyewahi kuongoza visiwa kutoka ofisi iliyo ng’ambo ya mlango wa bahari ataelewa kwa nini. Kwingineko kilichobadilika ni orodha ya miji. Mwaka 1920 shi zilikuwa tatu, Taihoku, Taichū na Tainan. Mwaka 1924 zikaongezwa Kīrun na Takao, mwaka 1930 Shinchiku na Kagi, mwaka 1933 Shōka na Heitō, na mwaka 1940 Giran na Karenkō. Jumla 11.

Itazame Kagi ilivyopanda na kushuka. Mwaka 1897 makao makuu ya ken. Mwaka 1898 ken yake imefutwa. Mwaka 1901 makao makuu ya chō, na mwaka 1909 chō hiyo imepanuliwa. Mwaka 1920 imeshushwa hadi gai, mji mdogo ndani ya gun ndani ya Tainan-shū. Mwaka 1930 imekuwa shi. Mtu aliyezaliwa pale 1896 akafa 1931 hakuwahi kuhama nyumba, lakini anwani yake ilihama mara tano.

Takao ilikwenda kinyume chake, ikipanda tu. Ilikuwa bandari chini ya Hōzan-chō, kisha chini ya Tainan-chō, kisha 1920 ikawa makao makuu ya shū nzima. Hōzan, iliyokuwa bwana wake, ikageuka gun chini yake.

Mgawanyo wa 1920 ndio pia wenye siasa ya kusimulia. Tarehe 22 Novemba 1935 ulifanyika uchaguzi wa kwanza wa mabaraza ya miji na kata. Nusu ya viti iligombewa, nusu nyingine iliteuliwa, na mpiga kura alipaswa kuwa mwanamume wa miaka 25 au zaidi anayelipa kodi ya mitaa isiyopungua yen 5 kwa mwaka. Ukitaka kueleza kilichogombewa na kilichoachwa mikononi mwa serikali, huna ngazi nyingine za kutumia isipokuwa shi, gai na shō.

Lakini usidhani ramani ya shū ilifunika kisiwa chote sawasawa. Milimani kulikuwa na maeneo yaliyoitwa banchi, nchi ya wenyeji wa asili, ambako hakukuwa na gai wala shō. Kulikuwa na vituo vya polisi. Kwa ramani, Musha, kijiji cha milimani, ilikuwa ndani ya gun ya Nōkō, Taichū-shū. Kwa maisha ya kila siku ilikuwa chini ya polisi aliyekuwa mwalimu, msimamizi wa vibarua na hakimu kwa pamoja. Waseediq, wenyeji wa asili wa huko, walipoasi tarehe 27 Oktoba 1930 na kuua Wajapani 134, Gavana Mkuu Ishizuka Eizō alijiuzulu miezi michache baadaye. Kuandika “wilaya ya Nōkō” pekee katika tukio hilo ni sahihi kwa karatasi na ni nusu ya ukweli. Ongeza neno banchi na ulieleze.

Kosa jingine nililolifanya mwenyewe kwenye andiko la zamani: niliandika kwamba Musha ilikuwa “mkoa wa Nantō” mwaka 1930. Nantō-chō ilishazikwa miaka kumi kabla, na kaunti ya Nantou ya leo ilikuja mwaka 1950. Nilikuwa nimesimama kwenye pengo kati ya viwili visivyokuwepo.

Anwani mbili kando kwa kando

Tofauti ya migawanyo huonekana vizuri kwenye daftari la kaya. Kabla ya 1920 anwani inashuka hivi: chō, kisha ho (mgawanyo wa zamani wa enzi za Qing, nasaba ya China iliyotawala kabla ya Wajapani, ulioachwa uendelee), kisha mji au kijiji, kisha tomyō, yaani jina la mahali wanavyopaita wenyeji, kisha namba. Baada ya 1920 inashuka hivi: shū, gun, gai au shō, ōaza (sehemu kubwa ndani yake), aza (sehemu ndogo), namba. Kwa mfano mtu wa Wufeng angeandikwa Taichū-shū, Daiton-gun, Muhō-shō, kisha ōaza yake na namba.

Kwa mtafuta ukoo, ya kwanza ina utajiri ambao ya pili imeupoteza. Tomyō na ho zinabeba majina ya Kihokkien na ya wenyeji wa asili ambayo warasimu wa 1920 waliyakata au kuyanyoosha. Kwa mtafsiri, ya pili ni rahisi mara kumi. Karatasi ikiwa na zote mbili, moja imekatwa mstari na nyingine kugongwa muhuri juu yake, basi nakili zote. Usiamue kwa niaba ya msomaji.

Maneno yanayofanana sauti

Hapa ndipo wengi huteleza, hasa wanaosoma kwa herufi za Kilatini.

Chō ziko mbili. 廳 ni ile tuliyoizungumzia, ofisi yenye eneo lake: Hōko-chō, Taitō-chō. 町 ni mtaa ndani ya mji: Saimon-chō mjini Taihoku, mtaa ambao mpaka leo watu wa Taipei wanauita Ximending, wakisoma herufi zile zile kwa Kichina. Kwa sauti ya Kijapani hutazitofautisha. Kwa ukubwa, moja ni pwani nzima ya mashariki, nyingine ni vichochoro vya kuuzia tiketi za sinema.

Shichō nazo ni mbili: tawi la chō, na meya wa mji. Bahati nzuri hapa kalenda inasaidia, kwa sababu kabla ya 1940 meya nchini Taiwan aliitwa shiin, si shichō. Barua ya 1912 inayomtaja mkuu wa shichō haimzungumzii meya.

Kisha kuna maana ya chō nje ya Taiwan. Kusini mwa Sakhalin, iliyochukuliwa na Japani mwaka 1905, Karafuto-chō iliyoundwa 1907 ni serikali ya koloni zima. Vivyo hivyo Nan’yō-chō, iliyowekwa Koror huko Palau mwaka 1922, ilitawala visiwa vya Pasifiki kupitia matawi sita: Saipan, Yap, Palau, Truk, Ponape na Jaluit. Kwa hiyo chō ya Karafuto iko ngazi ya Gavana Mkuu wa Taiwan, na chō ya Taiwan iko ngazi moja chini ya hapo. Anayelinganisha makoloni ya visiwa asiweke “chō” na “chō” kwenye safu moja ya jedwali.

Na Toyohara! Makao makuu ya Karafuto yaliitwa Toyohara tangu 1908. Leo ni Yuzhno-Sakhalinsk. Mwaka 1920 mji wa Taiwan ulioitwa Koroton nao ukabatizwa Toyohara kwa herufi zile zile. Leo ni Fengyuan. Muhuri wa posta wenye jina hilo pekee unaweza kuwa wa baridi ya theluji au wa joto la mashamba ya mpunga.

Taihoku au Taipei?

Hili ni chaguo la pili, na halitegemei la kwanza. Kwa jina la ofisi ya kikoloni natumia matamshi ya Kijapani: Taihoku-shū, Takao-shi, Nōkō-gun. Ofisi hizo zilikufa 1945, zizikwe na majina yake. Kwa mahali penyewe, mto, mlima, mji wa watu, natumia jina la leo: Taipei, Kaohsiung, Puli. Sentensi kama “alizaliwa Chiayi, wakati huo Kagi-gai” haimpotezi mtu.

Wapo wanaoandika yote kwa Kichina cha leo, kwa mfano “Taizhong Zhou” kwa Taichū-shū. Si kosa, na vitabu vingi vya Taiwan hufanya hivyo. Kwa msomaji wa Kiswahili, ambaye akienda kutafuta zaidi atakutana na maumbo ya Kijapani kwenye ramani na mihuri ya wakati huo, naona inamwongezea kazi.

Takwimu

Nimesema usitegemee majina makubwa. Sensa ya kwanza baada ya mageuzi ilifanyika 1 Oktoba 1920, mwezi mmoja kamili baada ya shū kuanza. Kwa jumla ya kisiwa hakuna tatizo: karibu milioni 3.66 mwaka 1920, karibu milioni 5.87 mwaka 1940. Balaa linaanza ukichora mstari wa “Tainan” kutoka 1905 hadi 1920. Utaona mlipuko wa watu ambao haukuwepo. Ni mipaka tu imepanuliwa. Ukichora wa “Hōzan” utaona tauni. Hata ndani ya kipindi cha shū, mji ukipandishwa kuwa shi hutolewa kwenye hesabu ya gun, kwa hiyo Kagi-gun ya 1925 na Kagi-gun ya 1935 si kitu kimoja. Dawa ni kushuka hadi gai na shō kisha kujumlisha mwenyewe kwenda juu. Inachosha, na sijui njia ya mkato.

Karatasi isiyo na tarehe

Ukikosa mwaka, mgawanyo wenyewe unaweza kukupa. Mji wa bandari ukiandikwa 打狗, herufi zinazosomeka “piga mbwa”, karatasi ni ya kabla ya mageuzi ya 1920. Ukiandikwa 高雄 ni ya baada yake, na kwa Kijapani zote mbili hutamkwa Takao. Kwa mtaa wa kale wa Taipei, Banka ni kabla, Manka ni baada. Kwa mji unaoitwa Pingtung leo, Akō ni kabla, Heitō ni baada. Penye “Karenkō-chō” uko baada ya Oktoba 1909. Penye “Kīrun-chō” uko kati ya 1901 na 1909. “Takao-shi” haiwezi kutangulia Desemba 1924, wala “Karenkō-shi” haiwezi kutangulia Oktoba 1940. Na ukibahatika kukuta “Hōko-gun”, dirisha ni jembamba: kati ya Septemba 1920 na katikati ya 1926.